Meya wa chama hiki, madiwani wa chama kile: kuufahamu uchaguzi wa manispaa ya Croydon

Waafrika Mashariki wengi waliopitia London wanaijua Croydon kwa jengo moja, Lunar House, lile ghorofa refu la Wellesley Road ambamo Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza hushughulikia maombi ya ukimbizi na ukaazi. Wapo waliopanga foleni pale tangu alfajiri wakiwa na bahasha zao kwapani, wakahojiwa, wakaondoka, na hadi leo jina la Croydon likitajwa kinachowajia akilini ni foleni ile. Ofisi ile, hata hivyo, ni ya serikali kuu, na manispaa ya Croydon haina kauli yoyote juu ya viza ya mtu. Mtu akishapata karatasi zake na kupanga nyumba Thornton Heath au Norbury, mamlaka itakayomgusa kila wiki ni nyingine: halmashauri ya manispaa, ambayo wenzetu wanaoishi huko huiita kaunsili tu.

Halmashauri ndiyo inayozoa taka, kuziba mashimo ya barabara za mitaa, kutoza ada za maegesho, kuendesha maktaba, kutoa vibali vya ujenzi, kupangisha nyumba za umma, kuwatafutia makao ya muda waliokosa pa kulala, kuwalinda watoto walio hatarini na kugharimia matunzo ya wazee na walemavu wasiojiweza. Kazi hizo mbili za mwisho humeza sehemu kubwa mno ya fedha zake, ingawa mkazi wa kawaida huikumbuka halmashauri pale tu pipa lake la taka linapopitwa. Mabasi, polisi na hospitali vina wenyewe.

London ina manispaa 32 za aina hii, mbali na Jiji la London lenye taratibu zake za kale, na mpangilio huo ulianza kazi mwaka 1965. Madiwani wa manispaa zote 32 huchaguliwa siku moja, Alhamisi ya kwanza ya mwezi Mei, kila baada ya miaka minne. Nimeichagua Croydon kwa sababu sensa ya mwaka 2021 iliikuta na watu takribani 390,000, wengi kuliko manispaa nyingine yoyote ya London, na kwa sababu uchaguzi wake wa tarehe 5 Mei 2022 ulitoa matokeo ambayo hata wenyeji wengi walishindwa kuyasoma.

Matokeo yenyewe yalikuwa haya. Jason Perry wa chama cha Conservative alichaguliwa kuwa meya kwa kura 38,612, akimshinda Val Shawcross wa Labour aliyepata 38,023. Tofauti ilikuwa kura 589. Siku hiyo hiyo, katika vituo vile vile, wapiga kura walichagua pia madiwani 70: Labour wakapata 34, Conservative 33, Chama cha Kijani wawili na Liberal Democrats mmoja. Chama chenye madiwani wengi zaidi kikawa cha upinzani, na chama kilichotwaa madaraka kikakosa wingi wa kupitisha jambo lolote kwa nguvu zake. Na kwa kuwa meya naye huhesabiwa kuwa mjumbe wa baraza mwenye kura, vyama vikubwa viwili vilikaa 34 kwa 34, na watu watatu wakabaki katikati.

Ili kuelewa jambo hili linawezekanaje, inafaa kuanza na utaratibu ambao Croydon iliuacha. Mpaka mwaka 2022 manispaa hiyo iliongozwa kwa namna ambayo msomaji wa Tanzania ataitambua mara moja: wananchi walichagua madiwani, na madiwani wakamchagua mmoja wao awe kiongozi wa halmashauri. Kiongozi huyo aliteua kamati ndogo ya madiwani, kila mmoja akikabidhiwa idara yake, mmoja makazi, mwingine fedha, mwingine watoto. Palikuwapo pia mtu aliyeitwa meya, lakini huyo alivaa mkufu wa heshima, akafungua sherehe na kuongoza vikao, bila mamlaka ya kuamua matumizi ya hata pauni moja. Baada ya 2022 Croydon ilifanana zaidi na kaunti ya Kenya, ambako gavana huchaguliwa moja kwa moja na wananchi na kisha hukabiliana na bunge la kaunti ambalo huenda wengi wake si wa chama chake. Tofauti moja ni kubwa: wawakilishi wa wadi nchini Kenya wanaweza kuanzisha hoja ya kumng'oa gavana na kuipeleka Seneti, lakini madiwani wa Croydon hawana njia yoyote ya kumwondoa meya kabla ya miaka yake minne kwisha.

Sababu ya kubadili utaratibu ilikuwa hasira, na hasira hiyo ilikuwa na vyanzo zaidi ya kimoja.

Labour waliitwaa halmashauri kutoka kwa Conservative mwaka 2014, na mwaka 2018 wakaongeza ushindi wao hadi viti 41 kwa 29. Miaka hiyo ilikuwa migumu kwa halmashauri zote za Uingereza, kwani tangu 2010 serikali kuu ilikuwa ikipunguza ruzuku mwaka hadi mwaka huku idadi ya wazee na watoto wanaohitaji matunzo ikipanda. Halmashauri nyingi zilijaribu kuziba pengo kwa biashara: kukopa kwa riba nafuu kutoka mfuko wa mikopo wa serikali, kununua majengo, na kutumia kodi za wapangaji kulipia huduma. Croydon ilikwenda mbali katika njia hiyo. Mwaka 2018 ilinunua hoteli ya Croydon Park kwa karibu pauni milioni 30, na mwaka huo huo ikanunua eneo la maduka na burudani la Colonnades. Ilianzisha pia kampuni yake ya ujenzi wa nyumba, Brick by Brick, na kuikopesha karibu pauni milioni 200, kwa matumaini kwamba kampuni ingelipa riba na kutoa gawio. Fedha zilizotarajiwa hazikurudi kama zilivyohesabiwa katika bajeti. Ugonjwa wa korona ulipofika mwaka 2020, mwendeshaji wa hoteli alifilisika, na akiba ya halmashauri, ambayo tayari ilikuwa ndogo mno, haikuweza kuhimili mshtuko.

Mnamo Oktoba 2020 wakaguzi wa hesabu wa nje, kampuni ya Grant Thornton, walitoa taarifa kwa maslahi ya umma iliyozungumzia upofu wa pamoja wa viongozi, wa kisiasa na wa kiutendaji, mbele ya hali ya fedha iliyokuwa ikiharibika machoni pao. Tarehe 11 Novemba 2020 ikatoka hati ambayo kila mtumishi wa serikali za mitaa Uingereza huiogopa: tangazo la kifungu cha 114 cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka 1988. Vyombo vya habari husema halmashauri "imefilisika", na neno hilo hupotosha kidogo. Halmashauri haifungwi wala haiuzwi kama duka. Tangazo hutolewa na mkuu wa fedha, ambaye ni mwajiriwa na si mwanasiasa, pale anapoona kwamba matumizi ya mwaka yatazidi mapato, na likishatolewa hakuna matumizi mapya yanayoruhusiwa isipokuwa kwa huduma ambazo sheria inazilazimisha. Mtoto aliye hatarini ataendelea kulindwa na taka zitaendelea kuzolewa. Vinavyoumia ni maktaba, vituo vya vijana, ruzuku za vikundi vya jamii na ajira za watu. Croydon ilitoa tangazo la pili mwezi uliofuata, na ili iweze kusimama ikaruhusiwa na serikali kuu kutumia pauni milioni 120 za mkopo kulipia gharama za kawaida za uendeshaji, jambo ambalo kwa kawaida sheria hairuhusu.

Kisha, Machi 2021, televisheni ya ITV ikaonyesha picha za ndani ya nyumba za halmashauri katika maghorofa ya Regina Road, South Norwood. Maji yalikuwa yakivuja kutoka darini, kuta zimekuwa nyeusi kwa ukungu, na familia zenye watoto zilikuwa zimelalamika muda mrefu bila kusikilizwa. Kwangu mimi hicho ndicho kiini cha kisa kizima cha Croydon. Wapangaji wale hawakukosa diwani, na kata yao ilikuwa mikononi mwa chama kilichotawala. Walichokosa ni njia ya kumfikia mtu mmoja anayewajibika, ambaye wangeweza kumtaja kwa jina na kumhukumu kwa kura.

Ni lazima niseme kwamba kampeni ya kutaka meya wa kuchaguliwa haikuzaliwa Regina Road. Ilianza kabla ya tangazo la kifungu cha 114, na nguvu yake kubwa ilitoka kusini mwa manispaa, Purley, Coulsdon na Sanderstead, ambako wakazi walikerwa na vibali vya kubomoa nyumba za familia moja zenye bustani na kusimamisha maghorofa mahali pake. Waliona kwamba madiwani wao wa Conservative hawakuwa na lolote la kufanya, kwa kuwa kiongozi wa halmashauri alichaguliwa na wingi wa Labour uliotoka kata za kaskazini. Sheria inatoa mlango hapo: wakikusanya sahihi za asilimia 5 ya wapiga kura walioandikishwa, halmashauri italazimika kuitisha kura ya maoni. Kura hiyo ilipigwa tarehe 7 Oktoba 2021. Zaidi ya asilimia 80 ya waliopiga kura walitaka meya, ingawa waliojitokeza walikuwa takribani mmoja tu kati ya kila watano.

Ndivyo ilivyotokea kwamba Mei 2022 mkazi wa Croydon aliingia kituoni na kupewa karatasi mbili zenye kanuni mbili tofauti.

Karatasi ya madiwani ilifuata kanuni ya zamani. Manispaa imegawanywa katika kata 28, na kata hazina idadi sawa ya madiwani: nyingine zina mmoja, nyingine wawili, nyingine watatu. Mpiga kura wa kata yenye viti vitatu ana haki ya kuweka alama tatu, kila moja kwa mtu mwingine, na halazimiki kuzitumia zote wala kuzielekeza kwa chama kimoja. Wagombea watatu wenye kura nyingi hushinda, hata kama hakuna aliyefikia nusu. Wapiga kura wengi hufuata nembo ya chama chao kutoka juu hadi chini ya karatasi, na hivyo chama kimoja huzoa viti vyote vya kata. Mara chache alama hizo hutawanywa, na hapo ndipo watu wale watatu wa katikati walipopatikana. Katika kata ya Fairfield, katikati ya mji, Chama cha Kijani kilichukua viti viwili na Labour kimoja. Katika kata ya Crystal Palace na Upper Norwood, Labour walichukua viwili na Liberal Democrats kimoja. Watu mia chache katika kata hizo mbili, walioamua kutoifuata nembo moja hadi mwisho, ndio walioamua nani atakayekuwa na kauli ya mwisho katika baraza la manispaa nzima.

Karatasi ya meya ilikuwa na safu mbili za kuweka alama, ya kwanza kwa chaguo la kwanza na ya pili kwa chaguo la pili. Chaguo la kwanza huhesabiwa kwanza. Asipopatikana aliyevuka nusu ya kura, wote huondolewa isipokuwa wawili wa juu, kisha karatasi za walioondolewa hufunguliwa tena na chaguo la pili la kila mmoja kuangaliwa. Likiwa ni la mmoja wa wale wawili, anaongezewa. Likiwa ni la mtu aliyekwisha kuondolewa, karatasi hiyo inakwisha nguvu. Perry aliongoza hesabu ya kwanza kwa takribani kura 2,000, na chaguo la pili la wafuasi wa vyama vidogo likamsogeza Shawcross karibu naye hadi zikabaki zile 589. Njia hiyo ilikuwa ukingoni mwa maisha yake. Sheria ya Uchaguzi iliyopitishwa mwishoni mwa Aprili 2022, wiki moja tu kabla ya siku ya kura, iliamuru kwamba kuanzia Mei 2023 mameya wachaguliwe kwa alama moja, mwenye kura nyingi ndiye mshindi. Mimi naona hapo palipotea kitu cha thamani, kwa sababu chaguo la pili lilimruhusu mtu kumpigia anayemwamini bila hofu ya kumsaidia anayemkataa.

Sasa turudi kwenye zile 34 kwa 34, kwa maana uchaguzi hupimwa kwa kinachofuata. Meya wa kuchaguliwa ana mamlaka makubwa: anateua baraza lake la watendaji, anaweza kuamua mambo mengi bila kupiga kura na mtu, na sera za kila siku ni zake. Lakini bajeti na kiwango cha kodi ya halmashauri, ile inayotozwa kwa kila nyumba, lazima vipitie baraza zima la madiwani. Wapinzani wakitaka kuibadilisha bajeti ya meya na kuweka ya kwao, wanahitaji theluthi mbili ya kura. Labour, Kijani na Liberal Democrats kwa pamoja walikuwa 37 kati ya 71. Waliweza kukataa, hawakuweza kubadilisha.

Hilo lilijaribiwa mapema. Novemba 2022 Croydon ilitoa tangazo lake la tatu la kifungu cha 114, chini ya meya mpya, huku madeni yakitajwa kuwa takribani pauni bilioni 1.6. Kwa kawaida halmashauri ikitaka kupandisha kodi yake kwa asilimia 5 au zaidi hulazimika kuwauliza wananchi kwa kura ya maoni, lakini serikali kuu iliiruhusu Croydon ipandishe hadi asilimia 15 bila kuuliza. Kodi hiyo hutozwa kwa madaraja manane, kutoka A hadi H, kulingana na thamani ambayo nyumba ingekuwa nayo tarehe 1 Aprili 1991, na nyumba ya daraja la H hulipa mara tatu tu ya ile ya A, hata kama thamani yake halisi leo ni mara kumi. Kwa kawaida anayeishi ndani ndiye anayelipa, awe mwenye nyumba au mpangaji. Mzigo wa asilimia 15 ulimwangukia hivyo hivyo muuguzi wa zamu za usiku anayepanga Selhurst, ambaye hakuwahi kuketi katika kikao kilichonunua hoteli.

Mapema Machi 2023 madiwani wa upinzani waliikataa bajeti hiyo. Sheria inataka kiwango cha kodi kiwe kimewekwa kufikia tarehe 11 Machi, na kadiri siku zilivyosogea ilionekana wazi kwamba kuikataa tena kungeiacha halmashauri bila uwezo wa kukusanya mapato yake. Bajeti ilipita siku chache kabla ya ukomo huo, baada ya madiwani wa Labour kujizuia kupiga kura. Wengine waliwaita waoga, wengine wakasema walifanya kilichobaki kufanywa. Nikiisoma hesabu ya viti, naona kwamba theluthi mbili ndiyo iliyoamua: mtu asiyeweza kuweka bajeti yake mezani hana cha kushikilia isipokuwa kukataa, na kukataa kulikuwa na tarehe ya mwisho. Fedha zenyewe hazikutengemaa, na mwaka 2025 serikali kuu ilipeleka makamishna wa kuisimamia halmashauri.

Linabaki swali ambalo naulizwa kuliko mengine yote na ndugu zetu wanaoishi kule: je, sisi tunaruhusiwa? Wengi huamini kwamba kura ni ya mwenye pasipoti ya Uingereza peke yake, na imani hiyo si sahihi. Sheria inampa haki ya kupiga kura raia yeyote wa nchi ya Jumuiya ya Madola aliyefikisha miaka 18, anayeishi katika eneo husika na mwenye kibali halali cha kuwa nchini, kiwe cha masomo, cha kazi, cha familia au cha kudumu. Mtanzania, Mkenya na Mganda wamo. Mwanafunzi kutoka Mwanza aliyefika Septemba anaweza kuandikishwa bure na kupiga kura ya diwani na ya meya Mei inayofuata, mradi ajiandikishe angalau siku 12 za kazi kabla ya siku ya uchaguzi. Mwenye kibali cha kudumu anaweza hata kugombea: udiwani hauna dhamana ya fedha, umeya unadai pauni 500. Tangu Mei 2023 kila mpiga kura anayefika kituoni lazima aonyeshe kitambulisho chenye picha. Pasipoti ya nchi ya Jumuiya ya Madola inakubaliwa, hata iliyokwisha muda, mradi sura bado inafanana na picha. Kitambulisho cha taifa cha Kenya au cha NIDA hakikubaliwi, na asiye na pasipoti anaweza kuomba cheti cha mpiga kura bila malipo.

Mstari wa Jumuiya ya Madola, hata hivyo, unapita katikati ya watu wa lugha yetu. Mkongomani aliyepewa hifadhi, Mrundi, na Mwomani aliyelelewa kwa Kiswahili hawapigi kura ya halmashauri hadi wapate uraia wa Uingereza, hata wakiishi mtaa mmoja kwa miaka mingi. Rwanda ilijiunga na Jumuiya hiyo mwaka 2009, Burundi haimo. Familia mbili zinaweza kukaa ngazi moja ya ghorofa la South Norwood, moja kutoka Kigali na nyingine kutoka Bujumbura, watoto wao wakienda shule moja na ukungu wa ukutani ukiwa ule ule. Alhamisi ya kwanza ya Mei baba wa familia ya kwanza atafika kituoni, ambacho hufunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa saa nne usiku, ataonyesha pasipoti yake na kupewa karatasi mbili. Barua ya kodi, ile ya mwezi Machi, itakuwa imewafikia wote wawili kwa kiwango kimoja.